Makande ya Wageni wa Sikioni

1

Siku jicho la kwanza la Benigna lilipoharibika, mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani pake anasikiliza habari za mabati.

Si kwamba alitaka mabati. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa vizuri tu, na mvua za Njombe zilikuwa zimeipiga miaka thelathini bila kupenya. Ila sauti ilimjia sikioni, sauti ya binti mpole, ikasema, "Shikamoo bibi," na Benigna akaitika "Marahaba" kama alivyofundishwa tangu hajang'oa meno ya utoto. Kuitika huko kulitosha. Sheria ya mawasiliano ya miaka hiyo ilisema aliyeitika amekubali kusikiliza, na aliyekubali atasikiliza hadi mwisho, na kabla ya mwisho hakuna simu nyingine itakayoingia. Basi mabati yakaelezwa rangi zake, migongo yake, namna yanavyokataa kutu, dakika arobaini nzima. Na ndani ya dakika hizo hizo, hospitali ya Mbeya ilikuwa inamwita.

Jicho lilikuwa limeoteshwa kule hospitali kutokana na chembe ya mwili wake mwenyewe, likalelewa kwenye chupa miezi saba, kama mche wa parachichi unavyolelewa kitaluni. Jicho la namna hiyo likishaiva halingoji mtu. Mwenyewe huitwa, na ndani ya nusu saa anatakiwa aseme kwa kinywa chake kwamba anakuja, ndipo ndege ya wagonjwa inaruka kumfuata. Asiposema yeye hakuna wa kumsemea, maana mwili wa mtu hukubaliwa na mwenye mwili. Ndugu zake walikuwa wameomba akakae kule kule Mbeya angoje. Wakajibiwa kwamba vitanda ni vya walioitwa, si vya wanaongoja kuitwa.

Nusu saa ikapita. Jicho likamwagwa.

Dada yake mkubwa, Otilia, alizipata habari akiwa shambani, akaja mbio na jembe begani kama anakwenda vitani. Alimkuta Benigna ametulia, mikono mapajani, uso ameuelekeza upande ule ambao bado aliona mwanga kidogo.

"Angalau sasa nayajua mabati, dada," Benigna alisema. "Yale ya migongo mipana hayavuji."

Otilia hakucheka, wala hakulia. Alikaa chini, akauliza lililobaki. Lililobaki lilikuwa moja. Madaktari walichukua chembe mara mbili, na ya tatu haichukuliki, mwili wa Benigna ulikuwa umechoka. Kulikuwa na jicho la pili chupani, linakua. Hilo nalo likiiva na simu isipoitikiwa, Benigna angebaki kuiona dunia kwa vidole.

2

Chombo kilichowaletea mambo yote haya kiliitwa punje, na kwa kweli kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi. Kilipandwa nyuma ya sikio. Hapo kijijini kwao, Idunda, kila mtu mzima alikuwa nacho, maana punje ndiyo iliyofungua bomba la maji, ndiyo iliyoita zahanati, na kwa wazee kama Otilia, ambao masikio yao yalikuwa yameshachoka, punje ndiyo iliyokuwa sikio lenyewe. Kuing'oa ni kujizika ukiwa unatembea.

Wauzaji waliingia kwa njia hiyo hiyo. Mwanzoni sauti zao zilikuja zikipiga kelele, nunua hiki, jiunge na kile, na watu walizifukuza kama kuku kwenye mahindi. Ndipo kampuni ya Sautika ikatumia akili. Iliwatuma watu wake nyanda za juu miaka miwili, wakakaa misibani, wakakaa harusini, wakanywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na wazee huku wananasa kila salamu inavyotolewa na inavyopokelewa. Sauti ziliporudi zilikuwa na adabu kuliko watoto wa kuzaa. Watu wakaziita wageni wa sikioni. Na nani atamfukuza mgeni aliyekuamkia?

Otilia alikuwa na binti, Edwiga, mwanamke wa miaka arobaini, fundi wa mnara wa mawasiliano pale kata. Edwiga alikuja na dawa.

"Mama, nitatia kufuli kwenye punje," alisema. "Shikamoo yoyote ya mtu usiyemjua haitakufikia. Nitaanza na wewe nione inavyokwenda, halafu tufikirie ya mama mdogo."

Otilia alikubali. Siku ya kwanza ilikuwa raha. Alipukuchua mahindi tangu asubuhi hadi jua kichwani bila magodoro, bila bima, bila mbegu za maajabu. Akasema moyoni kwamba hivi ndivyo dunia ilivyokuwa alipokuwa msichana.

Siku ya pili alikuwa uani anachambua maharage alipomwona mwanamke kijana amesimama nje ya uzio wa miti ya miwati. Midomo yake ilicheza. Otilia hakusikia neno, akadhani anazungumza na punje yake kama wafanyavyo vijana, akarudisha macho kwenye ungo. Alipoinua tena uso, yule mwanamke alikuwa bado pale, na midomo ikacheza tena, na safari hii alikuwa amekunja goti kidogo. Otilia akaendelea kuchambua. Alipoinua uso mara ya tatu, uzio ulikuwa mtupu.

Kesho yake ndipo habari ikafika kupitia kwa jirani yake, Skolastika, ambaye hakuna habari iliyowahi kumpita. Yule alikuwa Fortunata, nesi mpya wa zahanati, alikuwa na siku nne tu tangu ahamie Idunda. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu kuleta ujumbe wa hospitali, akaamkia mara tatu, na yule bibi akamtazama kama anayetazama ukuta, akainamia maharage yake. Alirudi zahanati machozi yakimlengalenga, akawauliza wenzake kwani huku watu wana nini.

"Na ujumbe wenyewe?" Otilia aliuliza.

"Jicho la Benigna," alisema Skolastika. "Litaiva wiki hii. Kati ya Jumatano na Ijumaa."

Otilia alivaa viatu, akashuka hadi zahanati, akamtafuta Fortunata mpaka akampata stoo, akamshika mikono yote miwili, akaitikia zile shikamoo tatu moja baada ya nyingine, kwa kuchelewa kwa siku nzima. Kisha akapitia mnarani kwa Edwiga.

"Litoe," alisema.

"Mama, nikilitoa watarudi."

"Warudi."

Edwiga alijaribu kumwelewesha. Alisema basi kuna njia nyingine, rahisi: wazee wote wafundishwe kunyamaza. Shikamoo ikija usiyoijua, unakaa kimya, inajiondokea. Otilia alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza hadi mwisho. Halafu akasema taratibu kwamba hospitali nayo inaanza kwa shikamoo, na manesi wanaopiga wanabadilika, hivyo Benigna akinyamazia zote amelinyamazia na jicho lake. Lakini hata kusingekuwa na jicho.

"Leo nikiwafundisha wazee kunyamazia shikamoo," alisema, "mwakani mtoto aliyepotea njia atamwamkia nani? Wale wameiba salamu yetu, ni kweli. Sasa na wewe unataka tuitupe ile iliyobaki?"

Edwiga alichukua koleo lake dogo, akaliondoa kufuli.

3

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kabla hata Otilia hajafika nyumbani, sauti ikaja.

"Shikamoo bibi."

Otilia alisimama njiani. Alijua ni nani. Alijua pia kwamba asipoitika atakuwa amemfanyia tena Fortunata.

"Marahaba mwanangu," alisema.

"Habari za nyumbani, bibi?"

Hapo watu wa siku hizi hukosea. Watu wa siku hizi, kwa haraka zao, husema nzuri, haya sema unachotaka. Otilia alilelewa na bibi yake, huko bonde la pili, na bibi yake alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: mgeni haulizwi neno lake kabla hajala. Mgeni naye hasemi neno lake kabla hajaulizwa. Hata kama nyumba yake inaungua, atakaa, atasalimia, atangoja chungu. Otilia alikuwa amechoka siku ile, na mtu akichoka hurudi kwenye alilofundishwa utotoni. Basi akaisalimia ile sauti kama mtu. Akaiuliza imetoka wapi, imeamkaje, wazazi wake hawajambo, kwao mvua zimenyeshaje. Sauti ikajibu yote, kwa adabu, ikarudisha maswali. Wakafika hadi uani wanasalimiana.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Naitwa Upendo, bibi."

"Basi Upendo, kaa hapo. Ngoja nikuinjikie chochote ule."

"Asante bibi. Nitangoja."

Otilia aliinjika. Neno hilo lilikuwa limemtoka mdomoni bila kufikiri, lakini limeshatoka, na yeye hakuwa mtu wa kumwambia mgeni ataletewa chakula kisha asipike. Jikoni kulikuwa na mahindi makavu na maharage makavu, akateleka makande. Makande ya mahindi makavu, kila aliyeyapika anajua, si chakula cha kuharakisha. Alichochea, akafagia uani, akawalisha nguruwe, akarudi kuongeza maji.

Saa mbili zikapita. Ndipo akashtuka kwamba hajasikia habari ya mabati.

"Upendo, upo?"

"Nipo, bibi."

"Hujachoka?"

"Hapana bibi. Nangoja tu."

Otilia alikaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Akamtuma mpita njia amwite Edwiga. Edwiga alipofika na kile kibao chake cha kazi, akakitazama, akakitazama tena, kisha akaketi chini kwenye majani.

"Mama, unafanya nini?"

"Napika."

Edwiga akamweleza kwa kunong'ona, kana kwamba mgeni wa sikioni atasikia vibaya. Wale Sautika walizifundisha sauti salamu za wazee, lakini walizifundisha zote, hadi mwisho, bila kujua walichokuwa wanakifundisha. Sauti haiwezi kutaja biashara kabla mwenyeji hajauliza neno. Na haiwezi kuondoka, maana mgeni aliyeambiwa angoje chakula akiondoka amemtukana mwenyeji. Siku zote jambo hili halikuonekana kwa sababu siku zote watu walisema haya sema. Hakuna aliyewahi kumpikia mgeni wa sikioni.

"Sasa huyu atangoja mpaka lini?"

"Mpaka umkaribishe ale, mama. Na kisha umwulize."

Otilia alifunua chungu, akaonja, punje ya mahindi ikamkwaruza ulimi.

"Wako wangapi?" aliuliza.

4

Walikuwa mia na ishirini. Hicho ndicho kibali kilichopewa Sautika kwa kata ile, sauti mia na ishirini kwa wakati mmoja, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, wala isizidi hata moja. Edwiga aliziona zote kwenye kibao chake kama vitaa, kila kimoja kikiwaka sauti inapokuwa kwenye sikio la mtu na kuzimika inapokwisha, kisha inaruka kwenda sikio lingine lililo wazi.

Otilia hakuwa amesoma sana. Darasa la nne ndilo lilimtosha baba yake. Ila hesabu ya wageni na vyungu alikuwa akiipiga tangu ana miaka kumi. Wageni mia na ishirini wakikaa jikoni mwa wazee mia na ishirini, sikio la Benigna linabaki wazi, na shikamoo itakayoingia humo ni ya mtu.

Jumanne nzima alitembea. Alikwenda kwa akina mama wa kanisani, akaenda kwa wazee wa kilabu cha ulanzi, akapanda hadi kwa wale wa kitongoji cha juu ambao hawakuwa wakisalimiana na wa chini tangu ugomvi wa mfereji. Kila nyumba alieleza kwa utulivu, bila kurukaruka, na kila nyumba alimaliza kwa kuwaambia mambo mawili. La kwanza, mahindi yawe makavu. La pili, chakula kiwe cha kweli.

Mzee mmoja kilabuni alisema mashine haili, kwa nini asiinjike maji matupu. Wenzake wakacheka. Otilia aliwangoja wamalize.

"Maji matupu ni uongo," alisema. "Wao ndio wanaokuja kwa uongo, wanasema shikamoo na moyoni wana godoro. Sisi tukisema tunapika, tunapika. Nikimdanganya mgeni leo kwa sababu hana mdomo, kesho nitamdanganya na mwenye mdomo."

Yule mzee akaona haya kidogo, akaomba aazimwe chungu, maana cha kwake kilikuwa cha maji matupu kweli, miaka mingi.

5

Jumatano vyungu mia na ishirini vilifuka moshi Idunda, na ukungu wa asubuhi ukachelewa kuondoka. Kila jiko lilikuwa na Upendo wake. Ungepita njiani ungesikia wazee wanaongea peke yao kwa upole mkubwa: Upendo, baba hajambo? Upendo, kwenu mnapanda viazi? Wengine walianza kufurahia. Kulikuwa na wazee pale ambao watoto wao hawakuwa wamewauliza habari za mifugo kwa miaka. Jua lilipozama sauti zikaaga kwa adabu, kama sheria ilivyotaka, na makande yakaliwa na watoto wa shule na vibarua wa parachichi, kila mtu akaridhika. Lakini Mbeya haikuita.

Alhamisi wakainjika tena. Otilia aliacha chungu chake motoni nyumbani, akaketi kibarazani kwa mdogo wake. Sikio lake mwenyewe alikuwa ameliacha wazi makusudi, liwe la akiba, na wageni wote walikuwa wameshapata pa kukaa. Edwiga alikaa ngazini na kibao chake. Benigna alikuwa ameshavaa nguo ya safari tangu asubuhi, kitenge cha bluu, na mfuko wake miguuni.

"Zote?" Otilia aliuliza kila baada ya muda.

"Zote, mama. Mia na ishirini."

Saa nane mchana Edwiga akasimama ghafla.

"Mia na kumi na tisa."

Ilikuwa kwa Skolastika. Siku hizo Skolastika alikuwa na meno matatu, na mahindi makavu yalimtesa, basi kwa siri akateleka mahindi mabichi na maharage mabichi, yakaiva saa hiyo hiyo. Chakula kimeiva, mgeni yupo, afanyeje? Akamkaribisha. Upendo akasema ameshiba, asante bibi. Na Skolastika, ambaye hakuweza kuishi karibu na habari asiyoijua, akauliza: haya mwanangu, umekuja na lipi? Akauziwa godoro dakika arobaini. Lilipokwisha godoro, ile sauti ikawa huru.

Masikio ya wazee yaliyo wazi kibarazani pale yalikuwa mawili.

Otilia alimwona Benigna anainua kichwa, polepole, kama mtu aliyeguswa bega. Mdomo wake ukafunguka. Vidole vyake vikakamata ukingo wa kitenge.

"Dada," alinong'ona, punje ameifunika kwa mkono. "Ameniamkia."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Akiitika, mlango unafungwa dakika arobaini. Asipoitika, na kumbe huyo ni Mbeya, jicho linamwagwa.

Otilia aliinuka. Alikuwa ni mkubwa wa Benigna kwa miaka sita, na miaka hiyo sita hakuwahi kuihitaji kama siku ile. Aliinama hadi mdomo wake ukawa karibu na sikio la mdogo wake, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiwasemea watoto wa watu wanaopita bila adabu.

"Nani huyo anayemwamkia mdogo, akamruka mkubwa aliyekaa naye?"

Uso wa Benigna ukalegea, na papo hapo sikioni mwa Otilia kukaingia sauti yenye aibu ya kweli, au iliyofundishwa vizuri kuwa ya kweli.

"Nisamehe bibi. Sikukuona. Shikamoo."

"Marahaba, Upendo. Kaa. Chungu kiko motoni."

"Mia na ishirini," alisema Edwiga.

Walikaa. Kuku alipita. Moshi wa Idunda nzima ulipanda wima, maana hakukuwa na upepo. Haikufika robo saa, Benigna akainua kichwa tena, na safari hii Otilia hakuinuka. Hakuwa na sikio la kusaidia tena. Alimtazama tu binti yake, na Edwiga akatazama kibao, akahesabu kwa kidole mstari baada ya mstari, hakuharakisha, hadi kitaa cha mwisho.

"Vyote vinawaka, mama mdogo," alisema. "Huyo ni mtu."

Benigna akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu mabati, aliitika shikamoo bila hofu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Benigna Mgaya. Nakuja."

Ndege ilitua kwenye uwanja wa shule kabla ya saa tisa. Alipanda mwenyewe, hakushikwa mkono.

6

Bwana Kasian Luoga, mkuu wa Sautika kanda ile, alifika saa kumi na moja jioni kwa gari lisilo na dereva. Siku mbili sauti zake zote za kata moja zilikuwa zimekaa jikoni, zimeuza godoro moja. Njiani alikuwa amepanga maneno makali. Ila Kasian naye alizaliwa huko huko nyanda za juu, na alipovuka uzio wa miwati wa Otilia akamwona mama mzee amekaa kwenye kigoda, goti lake likakunjika lenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda. Umetoka wapi?"

Akasema alikotoka. Akaulizwa habari za wazazi, akasema mama yake yupo, magoti yanamsumbua. Akaulizwa mvua. Akaulizwa watoto. Alikohoa mara mbili kwa kutaka kuingiza neno lake, na mara zote mbili neno likakataa kutoka, maana hajaulizwa. Otilia akainuka, akampakulia. Kati ya wageni mia na ishirini na mmoja wa siku ile, huyu peke yake ndiye aliyekuja na mdomo, na makande yalikuwa yameiva sawasawa. Alikula sahani ya kwanza kwa heshima na ya pili kwa njaa. Alipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa.

"Haya mwanangu," alisema Otilia. "Umekuja na lipi?"

Kasian alifuta midomo.

"Nilikuja kuuliza sauti zangu zitaachiwa lini, mama."

"Zitangoja. Mlizilea vizuri. Hata kesho vyungu vipo, hata mwezi ujao. Mwaka huu mahindi yamekubali." Akakaa naye karibu. "Lakini mama yako mwenyewe, mwenye magoti. Akiamkiwa na mgeni wako, anaitika?"

Kasian aliiweka sahani chini.

"Anaitika," alisema mwishowe. "Nimeshamkuta anaelezwa habari za matrekta."

Otilia hakumsukuma. Alisema lake mara moja: kuitika salamu si kukubali biashara, na mwenye biashara aseme jina lake na neno lake mlangoni, akikosa karibu mara tatu aende zake. Sheria ya nchi ilikuwa mbali, lakini sauti zilikuwa za Kasian, na alichozifundisha aliweza kuzisahaulisha. Kasian akatoa kibao chake, akakiweka juu ya goti, akaandika, akakigonga kwa dole gumba. Katika kanda yake yote biashara ikatengwa na salamu: sauti yenye biashara ingejitaja mlangoni, na iliyoamkia isingekuwa na cha kuuza.

Edwiga alikuja anakimbia toka nyumbani kwa Benigna. Mbeya walikuwa wameita sikio lake, kwa kuwa la mama yake lilikuwa na mgeni. Jicho limeshika. Benigna alikuwa ameshafunguliwa kitambaa kidogo, akaona dirisha, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba paa la hospitali ni la migongo mipana.

Safari hii Otilia alicheka. Alicheka hadi akashika mti. Kutoka majiko ya jirani watu wakauliza kuna nini, na Skolastika, kwa jinsi alivyokuwa na deni la kosa lake, ndiye aliyekimbia nyumba kwa nyumba kuwaambia, na nyumba kwa nyumba vigelegele vikapokelewa, hadi kitongoji cha juu, ambacho kilijibu kwa ngoma. Mgeni njoo mwenyeji apone, wazee walisema, na siku ile walikuwa wameona kwa macho yao.

Ndipo Otilia akakumbuka kwamba sikioni mwake bado kuna mtu.

"Upendo, mwanangu. Nimekuweka sana. Chakula kimeiva, karibu ule."

"Asante bibi. Nimeshiba."

Na kwa kuwa mgeni akishakaribishwa huulizwa neno lake, na huyu alikuwa amengoja vya kutosha, akauliza.

"Haya. Umekuja na lipi?"

Sauti ilinyamaza kidogo, kama mtu anayetafuta mfukoni kitu alichodhani amebeba.

"Sina neno, bibi," ilisema. "Nilipita kukusalimia tu."

"Basi umefanya vizuri," alisema Otilia, akafunika chungu.